Sura ya Saba: Dalali Amepata Wapi Namba Yangu?

Mtu anatafuta chumba na sebule Sinza, au bedsita Roysambu. Anafungua tovuti ya nyumba, anaona tangazo lenye kodi anayoimudu, anaandika jina na namba ya simu ili aulize kama nyumba bado ipo. Anajibiwa kwamba imeshachukuliwa. Kuanzia hapo simu yake haitulii. Dalali mmoja ana apatimenti Mbezi, mwingine anauza viwanja kwa mkopo Kigamboni, kampuni ya kuhamisha vyombo inatuma ujumbe, na hata baada ya kuhamia kwake na kuzoeana na majirani bado anaitwa "bosi" na watu asiowajua. Ndipo anauliza swali ambalo wapangaji wa Dar es Salaam na Nairobi hawaachi kuliuliza: nani kaniuza?

Mara nyingi hakuna aliyeiba kitu. Hakuna mdukuzi aliyevunja mfumo usiku, wala karani aliyetoroka na daftari. Fomu ilifanya kazi ile ile iliyotengenezewa: kumgeuza mtu anayeuliza kuhusu nyumba moja kuwa "mteja mtarajiwa", yaani namba inayoweza kugawiwa kwa kila mwenye kitu cha kuuza. Hilo ndilo linaloudhi zaidi, kwa sababu mwizi tungemshitaki na kumaliza.

Wafanyabiashara wa nyumba mtandaoni wakisikia habari za kutii sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi hufikiria waraka mrefu chini ya ukurasa na kisanduku cha kuweka alama ya vema. Hoja ya sura hii ni kwamba waraka na kisanduku ni mambo ya pembeni. Utii hupimwa kwa kuangalia nini kinaulizwa na kinaulizwa katika hatua gani. Anayetazama nyumba hana haja ya kujulikana. Anayesaini mkataba anayo. Majukwaa mengi yamepindua mpangilio huo: yanadai utambulisho mlangoni, nyumba baadaye, na matatizo karibu yote tutakayoyaona yanatoka hapo.

Anayetafuta nyumba husema mengi

Taarifa binafsi, kisheria, ni taarifa yoyote inayomhusu mtu anayetambulika au anayeweza kutambulika. Si lazima iwe na jina. Chukua utafutaji wa kawaida kabisa: vyumba vitatu, ghorofa ya chini, karibu na shule ya msingi, kodi isiyozidi shilingi 600,000 kwa mwezi, kuhamia kabla ya mwezi kwisha. Anayejua kusoma ataona familia yenye watoto wadogo, kipato cha kiasi fulani, pengine mzazi asiyeweza kupanda ngazi, na jambo la ghafla lililoitikisa nyumba ile: ndoa imevunjika, kazi imepotea au imehamishwa, au mwenye nyumba amewapa notisi. Hayo yote hayakuandikwa kwenye fomu, ila yanasomeka. Kuchagua simu au gari hakumfunui mtu kiasi hiki, kwa sababu nyumba hubeba familia, dini, afya na mfuko kwa pamoja. Anayeomba iwe karibu na msikiti, au kanisa, au hospitali yenye kliniki fulani, amekwisha kusema la moyoni.

Wabunge wa Kenya waliliona hili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ina kundi la taarifa nyeti, zile zinazohitaji uangalizi wa juu kuliko nyingine. Ndani yake, pamoja na afya na imani, zimo taarifa za mali za mtu, hali yake ya ndoa, na habari za familia yake, yakiwamo majina ya watoto, wazazi na mwenzi. Ukilisoma kundi hilo ukiwa na fomu ya kuomba nyumba mkononi, utadhani mtunga sheria alikuwa nayo mezani. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2022 ina orodha tofauti kidogo, lakini nayo inaweka taarifa za watoto na za miamala ya kifedha katika daraja hilo la juu.

Kisha kuna namba ya simu, ambayo watu huitoa kama vile haina uzito. Kwetu namba ya simu imekuwa kitambulisho cha pili. Tanzania laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Ukiiingiza namba kwenye huduma ya kutuma pesa, jina la mwenye laini hujitokeza kabla hujathibitisha malipo. Anayesema "tumechukua namba tu" amechukua na jina, na kwa mwenye nia ya kuchimba, amepata mlango wa mengine.

Mahali ndipo hatari zaidi. Watafiti waliopitia rekodi za simu za watu milioni 1.5 walionyesha mwaka 2013 kwamba ukijua sehemu nne tu na saa ambazo mtu alikuwapo, unaweza kuwatofautisha asilimia 95 ya watu hao na wengine wote, hata majina yakiwa yamefutwa. Programu ya nyumba inayoomba ruhusa ya kujua ulipo "ili ikuonyeshe nyumba za karibu" hukusanya mahali unapolala sasa, unapofanya kazi na unapotaka kuhamia. Kwa wengi hili ni kero. Kwa mwanamke anayemkimbia mume anayempiga, mtaa anaotaka kuhamia ni siri ya uhai wake, na dalali anayeropoka "kuna dada naye kaulizia hapo hapo Tabata" anaweza kuwa ameshaufungua mlango.

Safari ya namba moja

Istilahi mbili zitatusaidia. Mkusanyaji ni yule anayeamua taarifa zikusanywe kwa lengo gani na kwa njia gani. Mchakataji ni yule anayezishughulikia kwa niaba ya mkusanyaji na kwa maelekezo yake, kama kampuni inayotuma SMS kwa niaba ya tovuti, au inayohifadhi mafaili yake kwenye seva. Sasa ifuate namba iliyoandikwa kwenye fomu:

- jukwaa lenyewe linaihifadhi, pamoja na kila tangazo ulilofungua;
- wakala aliyeweka tangazo anaipokea, mara nyingi kwenye simu yake binafsi;
- mawakala wengine waliolipia kifurushi cha wateja watarajiwa wanaipata pia;
- kampuni za matangazo zinajua kifaa chako kupitia vidakuzi, yaani faili ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye simu au kompyuta ili ikutambue ukirudi.

Penye udhaifu mkubwa ni kwa wakala. Majukwaa hupenda kumchukulia kama mkono wao, na jambo likiharibika humchukulia kama mgeni. Kisheria nafasi yake haina utata. Dalali anayeichukua namba ya mteja wa Sinza na kuitumia kumuuzia kiwanja Kigamboni ameamua lengo jipya yeye mwenyewe, na kwa hiyo ni mkusanyaji kamili mwenye wajibu wake. Jukwaa halisafishiki kwa sababu hiyo. Lilimpa namba, na lilipaswa kuwa na makubaliano ya maandishi kuhusu atakachofanya nayo, muda atakaokaa nayo, na adhabu akikiuka. Jukwaa linalofunga akaunti ya wakala aliyechelewa kulipa ada ya tangazo lina uwezo ule ule wa kufunga akaunti ya wakala aliyemwaga namba za watu kwenye kundi la WhatsApp. Kama la kwanza hutokea kila mwezi na la pili halijawahi kutokea, basi tumejua linathamini nini.

Sheria zinadai nini hasa

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data iliyoanza kutumika Novemba 2019, inayosimamiwa na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyozinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Uganda ilipitisha yake mwaka 2019 na Rwanda mwaka 2021. Zinatofautiana katika vifungu, ila uti wa mgongo ni mmoja: kusanya kwa lengo lililotajwa, kusanya kinachotosha lengo hilo, kitunze salama, usikae nacho kuliko inavyohitajika, na mwenye taarifa awe na sauti.

Usajili ni jambo linalowapita wengi. Kenya imewasamehe usajili wakusanyaji wadogo, wale wenye mauzo ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10. Lakini msamaha huo hauzigusi shughuli fulani zilizoorodheshwa kwenye kanuni, na mojawapo ni usimamizi wa majengo pamoja na uuzaji wa ardhi. Ofisi ya watu wawili yenye kompyuta moja inayouza viwanja Kitengela inatakiwa kujisajili sawa na kampuni kubwa ya Westlands. Nadhani hiyo ni haki, kwa kuwa ukubwa wa ofisi hauonyeshi ukubwa wa madhara. Wakala mmoja mwenye nakala za vitambulisho vya watu 400 kwenye simu isiyo na namba ya siri anatisha kuliko benki.

Kanuni za Kenya za mwaka 2021 zimeweka pia siku za kuhesabu. Ukiomba kuona taarifa zako, mkusanyaji ana siku 7 na hapaswi kukutoza. Ukiomba zirekebishwe au zifutwe, ana siku 14. Taarifa zikivuja na kuleta hatari ya kweli ya madhara, Sheria yenyewe inataka Kamishna aambiwe ndani ya saa 72. Ujumbe wa matangazo unahitaji ridhaa, na njia ya kujitoa lazima iwe rahisi na isiyo na gharama, hivyo ule ujumbe wa "piga namba hii ujiondoe", ambao simu yake haipokelewi, hautoshi.

Je, kuna anayeadhibiwa? Mwaka 2023 Kamishna wa Kenya aliitoza faini kampuni moja ya mikopo ya simu shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu zilizopatikana kwa wengine, klabu moja ya starehe shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekuwa tovuti ya nyumba, ila makosa yao ndiyo yale yale ya sekta hii: namba zilizotoka kwa mtu mwingine na picha zisizoombwa. Ukomo wa faini ya Kamishna ni shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kwa kufuata kiasi kilicho kidogo. Kiasi hicho ni chini ya bei ya fleti nyingi zinazouzwa Kilimani, na hapo sheria ilimwonea huruma mkubwa kupita kiasi.

Kwa ufupi hadi hapa: mtafuta nyumba hutoa taarifa nyeti kuliko anavyodhani, taarifa hizo hupita mikono kadhaa, na kila mkono una wajibu wake kisheria.

Kila kitu na hatua yake

Majukwaa hujitetea kwa ridhaa. "Alikubali masharti," husema. Sheria ya Kenya inamtaka mkusanyaji ndiye athibitishe kwamba ridhaa ilitolewa, na katika kupima kama ilitolewa kwa hiari, huangaliwa kama huduma ilifungwa kwa sharti la kutoa taarifa zisizohitajika. Mtu aliyepewa notisi ya mwezi mmoja, mwenye watoto na vyombo, akikutana na ukurasa usiomwonyesha bei hadi aandike namba, atabofya. Kubofya kwake kunathibitisha dhiki yake tu. Ndiyo maana kuirembesha lugha ya masharti, hata kuyatafsiri kwa Kiswahili kizuri, hakuiponyi fomu inayouliza mapema mno.

Dawa ni kuigawa safari katika hatua na kuipa kila hatua haki ya kuuliza kinachoihusu. Katika hatua ya kutazama, jukwaa linahitaji eneo, bei na idadi ya vyumba, na halihitaji kujua ni nani anayeuliza. Katika hatua ya kuwasiliana, linahitaji njia ya kumfikisha mtu kwa mwenye tangazo, na ujumbe unaopita ndani ya jukwaa unatosha bila namba kuonekana. Programu za kuita teksi zimeonyesha kwamba dereva na abiria wanaweza kuzungumza bila kila mmoja kubaki na namba ya mwenzake. Katika hatua ya kwenda kuiona nyumba, jina na namba vina maana, kwa sababu watu wawili wasiojuana wanakwenda kukutana mahali. Katika hatua ya mkataba ndipo kitambulisho, mahali pa kazi na mdhamini huingia, na hapo hakuna mpangaji wa busara atakayegoma, maana hata serikali ya mtaa itataka kumjua mkazi mpya.

Jaribu kipimo hiki kwenye fomu yoyote: ondoa sehemu moja ya kujaza, kisha uliza kama hatua inayofuata bado inawezekana. Ikiwezekana, sehemu hiyo haikustahili kuwapo. "Umeoa au umeolewa?" itaanguka mara moja. "Unafanya kazi wapi?" itaanguka hadi siku ya mkataba.

Pingamizi za wenye majukwaa

La kwanza ni zito. Sheria za kuzuia utakatishaji wa fedha, yaani kuzificha fedha za uhalifu ndani ya biashara halali, zinawataka mawakala wa nyumba Kenya wamjue mteja na watunze kumbukumbu za muamala kwa angalau miaka 7. Je, si sheria yenyewe inayowalazimisha kukusanya? Inawalazimisha kwa anayenunua, na kwa muamala uliofanyika. Haisemi lolote kuhusu kijana aliyetazama picha 40 za nyumba asizoweza kuzilipia. Tena sheria hiyo inaiunga mkono hoja ya hatua: mnunuzi wa nyumba ya milioni 30 atambuliwe kikamilifu, kumbukumbu zake zitunzwe mahali pake, na zisichanganywe na orodha ya matangazo. Kampuni inayotaja utakatishaji wa fedha ili ihalalishe SMS za viwanja inacheza na akili zetu.

La pili: taarifa za ardhi ni za umma. Kweli, mtu anaweza kulipa ada na kufanya upekuzi rasmi ajue kiwanja kimesajiliwa kwa jina la nani, na bila haki hiyo matapeli wangetumaliza. Mfumo wa Ardhisasa uliozinduliwa Nairobi Aprili 2021 uliipeleka huduma hiyo mtandaoni. Lakini upekuzi huacha kumbukumbu ya nani aliuliza, huhusu kiwanja kimoja, na una lengo. Tovuti inayokusanya majina ya wamiliki, ikayaunganisha na ramani, bei na namba za simu, kisha kuyaweka wazi kwa kila mpitaji, imetengeneza kitu kipya ambacho masjala ya ardhi haikuwahi kukitoa. Kwamba kila ukurasa ulikuwa wazi peke yake hakumpi mtu ruhusa ya kutunga kitabu cha nani anamiliki nini.

La tatu hutolewa na watu wema: mtandao umejaa utapeli, tusipowatambua watu tutawalindaje? Hapa inafaa kuuliza nani humtapeli nani. Utapeli wa nyumba tunaoujua ni wa tangazo la uongo: picha zimeibwa kwingine, kodi ni ndogo kupita kiasi, "mwenye nyumba yuko safarini", na unatakiwa utume hela ya kuonyeshwa nyumba au ya kuishikilia. Aliyeumia ni mtafutaji. Kumdai mtafutaji kitambulisho hakumzuii tapeli hata kidogo, na kunaweza kumpa tapeli nakala ya kitambulisho juu ya hela. Anayestahili kuthibitishwa ni mwenye tangazo: ni nani, ana haki gani na nyumba hiyo, na kama ni wakala, amesajiliwa wapi. Kenya ina bodi ya kusajili mawakala wa nyumba chini ya sheria ya mwaka 1984, kwa hiyo hata pa kuanzia papo. Majukwaa huwahoji watafutaji na kuwapitisha watangazaji kwa sababu mtangazaji ndiye anayelipa, na sababu ya kibiashara haigeuki kuwa ya usalama kwa kuitwa hivyo.

La nne ni la fedha: huduma ni ya bure, na taarifa ndizo zinazoilipia. Ni kweli kwamba seva na wafanyakazi hawalipwi kwa dua. Lakini jukwaa lina mlipaji tayari, yule anayetaka nyumba yake ipangwe, na anachokitaka huyo ni mpangaji mmoja wa kweli. Orodha ya namba 200 za watu waliochoka kupigiwa haimsaidii. Taarifa zinazouzwa mara kumi hushuka thamani kila zinapouzwa, kwa sababu wenye namba huacha kupokea au huandika namba za uongo. Anayelinda orodha yake ana bidhaa bora ya kumuuzia mtangazaji. Nakiri hoja hii haimsaidii anayetaka kuchuma msimu mmoja na kutoweka. Huyo hazuiwi na hoja, anazuiwa na faini.

Picha za ndani, na wanaoishi humo

Mtafutaji si peke yake mwenye faragha. Nyumba nyingi hupigwa picha zikiwa bado na watu. Mpangaji anayehama hufunguliwa mlango na dalali mwenye simu, na kesho yake kitanda chake, picha ya harusi ukutani, sare ya shule ya mwanawe yenye jina la shule na dawa juu ya friji viko hadharani. Mwenye nyumba alikubali, ni kweli, ila vitu vile si vyake. Picha za simu zinaweza pia kubeba ndani yake maelezo yasiyoonekana kwa macho, yakiwamo tarehe na mahali hasa zilipopigwa, na jukwaa lisiloyafuta kabla ya kuchapisha linatoa ramani ya nyumba kwa anayejua kuyasoma. Kisha kuna tangazo lisilokufa: nyumba ilipangishwa zamani, lakini mpangilio wa vyumba, mlango wa nyuma na mahali ilipo kamera vingali mtandaoni. Sheria inataka taarifa zisitunzwe kuliko lengo lake linavyohitaji, na lengo la tangazo la nyumba huisha siku nyumba inapopata mtu. Kuliondoa tangazo siku hiyo hakugharimu chochote.

Taarifa zikianza kuchagua majirani

Marekani ina sheria ya makazi ya mwaka 1968 inayokataza kumnyima mtu nyumba kwa sababu ya rangi, dini au asili yake, na baadaye ikaongezwa ulinzi kwa wenye watoto na wenye ulemavu. Mwaka 2016 waandishi wa habari walionyesha kwamba mtangazaji wa nyumba kwenye Facebook aliweza kuchagua tangazo lisionekane na watu wa asili fulani. Hakuhitaji kumfukuza mtu mlangoni, kwa kuwa mtu huyo hangejua kamwe kwamba nyumba ilikuwapo. Wizara ya makazi ya Marekani iliishitaki kampuni hiyo mwaka 2019, na mwaka 2022 Meta, kampuni mama, ilikubaliana na wizara ya sheria kubadilisha mfumo wake wa kusambaza matangazo ya nyumba.

Somo hilo linatuhusu kwa sababu majina yetu husema kabila na dini kabla hatujafungua mdomo. Jukwaa linalodai jina kamili kabla ya kuonyesha nyumba humpa mwenye nyumba nafasi ya kuchuja kimyakimya. Mtu anaambiwa "imeshachukuliwa", na hawezi kuthibitisha lolote. Katiba ya Kenya inakataza ubaguzi wa kabila na dini, lakini katiba haiwezi kusoma ujumbe wa WhatsApp kati ya dalali na mwenye nyumba. Jina likichelewa kutolewa hadi watu wanapokubaliana kuonana, nafasi ya kuchuja hivyo hupungua sana. Haiishi, na sitadai kwamba inaisha.

Wateja walio ughaibuni

Majukwaa mengi ya kwetu huwalenga Wakenya na Watanzania walio nje wanaotaka kujenga nyumbani. Jukwaa linalowahudumia kwa makusudi watu walio ndani ya Umoja wa Ulaya, kwa mfano kwa kuweka bei kwa yuro na kampeni za huko, linaweza kuguswa na kanuni za Ulaya zilizoanza kutumika Mei 2018, ambazo faini yake ya juu ni yuro milioni 20 au asilimia 4 ya mauzo ya dunia nzima, na huko hufuatwa kiasi kilicho kikubwa. Tovuti kuonekana tu Berlin hakutoshi. Kumlenga aliye Berlin kunatosha.

Wewe ufanye nini

Kabla ya kuandika namba, tazama kama jukwaa lina njia ya ujumbe wa ndani, uitumie. Ikate ruhusa ya mahali kwenye programu ya nyumba. Usitume nakala ya kitambulisho kabla hujaiona nyumba na aliyeshika funguo. Ukilazimika kuituma baadaye, andika juu yake ni ya mkataba upi na tarehe gani, ili isitumike kwingine kirahisi. Ukishapata nyumba, liandikie jukwaa ujumbe wa mistari miwili: nionyesheni taarifa zangu mlizonazo na mliowapa, kisha mzifute. Utunze ujumbe huo na tarehe yake, kwa sababu siku za kisheria zinaanza kuhesabiwa hapo.

Wasipojibu, Tanzania unalalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na Kenya kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kenya malalamiko yanaweza kutolewa kwa maandishi au kwa mdomo, huhitaji wakili, na sheria inataka yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90.